Parameta isiyoletwa si sawa na iliyoletwa tupu

Leo ni XSLT tena. Tuchukue risiti za majani chai huku kwetu Magwagwa. Tuseme kilo za kila mkulima ziko kwenye faili la XML, na templeti yetu ya kuchapa risiti inaanza hivi:

<xsl:param name="kilo" select="'HAZIKUANDIKWA'"/>

Hiyo select ndiyo chaguo-msingi: anayeita templeti asipoleta kilo, neno hilo linachapwa. (Msisahau alama za ndani, la sivyo XSLT itatafuta elementi yenye jina hilo.) Lakini wengi huita hivi:

<xsl:with-param name="kilo" select="@kilo"/>

Rekodi ikikosa @kilo, parameta imeletwa, ila tupu! Chaguo-msingi haliguswi, na risiti inatoka na pengo. Dawa ni xsl:choose ndani ya templeti, yenye test="string($kilo)".

Wako wanaoweka 0 iwe chaguo-msingi. Mimi siipendi kabisa. Sifuri hujumlishwa kimya kimya, na mama aliyechuma tangu alfajiri anaonekana hakuleta kitu, hata bonasi yake inapungua. Afadhali neno linalomfanya karani aulize.

Tena XSLT 1.0 ya mwaka 1999 haisemi lolote ukikosea jina, ukaleta Kilo badala ya kilo. XSLT 2.0 ya 2007 hugoma kwenye xsl:call-template, na ina required="yes". Ila wenye xsltproc, hiyo ni ya 1.0, kwa hiyo kagueni majina wenyewe.