Namba Tasa Zilizoungana

Tasa ni neno zito kwa mwanadamu, lakini katika hesabu namba tasa ni ile tu isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi Malakisi nilidhani nimevumbua kwamba tasa wawili wakiandikwa bega kwa bega huzaa tasa mwingine. Ushahidi nilikuwa nao: 2 na 3 hufanya 23, 3 na 7 hufanya 37, na ukizigeuza, 73, 3 na 11 hufanya 311 na 113. Nikaitangaza kanuni yangu darasani kwa majivuno makubwa. Mwenzangu mmoja akauliza polepole, "Na 5 na 7 je?" Nikaandika 57, na kabla sijaweka chaki chini darasa zima likaangua kicheko, maana 57 ni 19 mara 3.

Kesho yake sikwenda shule. Nilimwambia nyanya yangu kwamba tumbo laniuma, naye hakuniamini. Alikuwa akichagua mbegu za mahindi, akanisukumia ungo, akasema, "Basi hesabu, mjukuu wangu."

Nikapanga punje 57, safu tatu za 19, nikazitazama kwa chuki. Mbona tatu? Ndipo nilipoona: 5 ikigawanywa kwa 3 hubakiza 2, na 7 hubakiza 1; mabaki hayo yakikutana hutimiza 3, na muungano huharibika daima, itangulie ipi. Jaribu 7 na 11: 711 nayo hugawanyika kwa 3. Kwetu Wabukusu watu wa ukoo mmoja hawaoani. Kumbe namba hizi, tukiiacha 3 yenyewe, haziungani vema ila zikiwa za ukoo mmoja wa mabaki!

Nikarudi shule nikayaeleza hayo kwenye ubao ule ule. Yule mwenzangu hakucheka. Aliandika 7 na 13, za ukoo mmoja, akapata 713, ambayo ni 23 mara 31. Basi ukoo peke yake hautoshi. Tangu siku hiyo tulitafuta pamoja, tukapata 3, 7 na 109: chukua zozote mbili, tanguliza uipendayo, utapata tasa.

Ya nne, 673, hatukuifikia. Niliikuta nikiwa mtu mzima, na jambo la kwanza nililofanya ni kujumlisha tarakimu zake: 16. Hubakiza 1, kama 7, kama 109.