Mwanachama anayeitwa Ng

Niko likizo huku nyumbani Sengerema, na kwa kuwa ukoo mzima unajua nasomea kompyuta, nimekabidhiwa hesabu za chama cha kufa na kuzikana. Kuna skripti ya Python waliyoandikiwa na jamaa mmoja wa mjini (simtaji). Inasoma meseji za michango, inachukua jina, inalinganisha na daftari. Asiyeonekana anaandikwa "hajalipa".

Baba mdogo alikuwa analalamika kwamba wadaiwa ni wale wale kila mwezi, na wote majina yao yanaanza na Ng'. Si mchezo jamani. Kwa katiba yao ukikosa miezi 3, siku ukifiwa hupati turubai wala sufuria.

Nikaifungua. Majina yananaswa kwa regeksi, yaani fomula ya kueleza umbo la maandishi unayoyatafuta, na iliyotumika ni \w+. Hiyo \w inakubali herufi, tarakimu na kistari cha chini, basi. Ritifaa haimo! Kwa hiyo jina kama Ng'wanamalundi, analolijua kila Msukuma, linakatikia njiani na kinachobaki ni "Ng". Michango ya watu 9 imerundikwa kwa mwanachama mmoja ambaye hayupo duniani, ndugu Ng. Waingereza nao wana ritifaa zao, lakini kwetu ng' ni sauti moja kamili, ng' ya ng'ombe siyo ng ya ngoma.

Nikaandika [\w']+ nikidhani kazi imekwisha. Wapi! Daftari lilichapwa kwa Word, ambayo huipinda ritifaa yenyewe, wakati meseji zimekuja na iliyonyooka. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni alama mbili tofauti. Basi kwanza nazinyoosha zote, ndipo natafuta. Na kwa wale wanaojiandika Ngwana bila ritifaa, naiondoa pande zote mbili wakati wa kulinganisha tu, daftarini jina linabaki na ritifaa yake.

Sasa wote 9 wanaonekana wamelipa, tena kwa wakati. Tatizo ni kwamba kuna mama mmoja kati yao alishatozwa faini mara 2, na mweka hazina anasema faini ikishaingia hairudi. Baba mdogo ameniambia nichapishe meseji zake zote na tarehe zake. Kikao ni Jumapili baada ya ibada.