Tofali Moja Chini ya Mwalo

Nina karasha hapa Makongolosi. Nilikuwa mzee wa kanisa pia, na kwa miaka kadhaa nilishika hazina ya usharika. Kosa ninaloliungama ni la tofali moja la kuchoma, nililoliweka kwa mkono wangu chini ya kichwa cha mwalo mwaka 2019.

Asiyejua kazi yetu nimweleze. Mchimbaji analeta mawe kwenye mifuko, karasha linayasaga yawe unga, unga unaoshwa kwa maji juu ya mwalo, yaani ubao mrefu uliolazwa kwa mteremko na kutandikwa magunia. Dhahabu ni nzito, inanasa kwenye magunia, mchanga unapita. Kilichonasa ni cha mchimbaji. Mchanga uliopita, marudio, kwa makubaliano yetu ni wa mwenye karasha, naye huwauzia wenye mitambo ya kuchenjulia kwa sianidi. Sasa inua kichwa cha mwalo kwa tofali moja. Maji yanakimbia, na sehemu ya dhahabu ya mwenzako inakimbia nayo, inakwenda kulala kwenye lundo lako. Hukugusa hata chembe.

Mwaka huo soko la madini lilikuwa limefunguliwa Chunya, watu wakaanza kuuza kwa bei inayojulikana. Mimi niliyezoea kununua kwao palepale kwa bei yangu nikaona riziki imekatika. Kijana wa kuosha aliliona tofali siku ya kwanza.

"Mzee, mwalo umesimama sana."

Nikamwambia maji tunanunua, tuoshe haraka. Na kweli kiangazi cha Chunya maji ni taabu, ndiyo maana uongo ule ulinikaa vizuri mdomoni.

Kila Jumapili niliungama pamoja na wenzangu. Nilijichunguza kwelikweli: hasira kwa mke wangu, kusinzia kwenye maombi, wivu kwa jirani aliyenunua karasha la pili. Fungu la kumi la fedha za marudio nalo nililitoa kamili. Hilo linanitia aibu kuliko tofali lenyewe.

Halafu ikaja semina ya uamsho. Mhubiri alisimulia habari za Gahini, Rwanda, jinsi watu wa Uamsho wa miaka ya 1930 walivyoungama hadharani na kurudisha mali walizoiba. Nikasimama, nikalia, nikasema sijawa mwaminifu katika biashara yangu. Haleluya zikapigwa. Mchana nilishikwa mkono na watu wengi, wakinisifu kwa unyenyekevu, nami nikazipokea sifa. Jumatatu tofali lilikuwa palepale. Nilikuwa nimetubu kwa jumla ili nisilipe kwa rejareja.

Wiki chache baadaye mama mmoja alileta mifuko minane. Ikatoka gramu moja kasoro. Hakulalamika. Aliinamisha karai, akaitazama ile chembe, akasema, "Baba mzee, niombee. Labda mwamba wangu umelaaniwa."

Nikamwombea. Nilifumba macho, nikanyoosha mkono juu ya karai lake, mguu wangu ukiwa umegusa tofali.

Kesho yake nilisaga mawe yangu mwenyewe, mifuko minne iliyochanganywa vizuri. Miwili nikaiosha na tofali, miwili bila. Mzani ulisema pointi tatu kwa pointi nne. Robo nzima. Katika miaka yote ya kujichunguza kwa magoti, sikuwahi kujipima hivyo.

Nikaenda kwa mchungaji. Nilianza kwa kujitetea: dhahabu ya hapa Lupa inachimbwa tangu miaka ya 1920, na ujanja wa mwalo nimeukuta. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Tofali liko wapi?" Nikaenda kulileta. Niliwekwa chini ya marudi, bila uzee, bila Meza ya Bwana. Akaniambia marudi ni kwa ajili ya kumrudisha mtu. Siku ile sikumwelewa. Nilisikia kufukuzwa tu.

Daftari la karasha lina majina, tarehe na mifuko, kwa hiyo hesabu inawezekana. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne; mimi bado nahangaika na mara moja. Nimeuza pikipiki na lundo zima la marudio. Yule mama nilimpelekea fedha nyumbani. Alizihesabu mara mbili, ndipo akauliza, "Kwa hiyo mwamba wangu haukulaaniwa?"

"Haukulaaniwa, mama."

Akakaa chini kwenye kizingiti, akacheka peke yake, muda mrefu. Siku hizi anasaga kwa jirani yangu, na nasikia anapata.

Wengi sijawafikia. Wachimbaji huhama, wapo waliokwenda Geita, wapo walioingia Songwe. Kama ulisaga mawe yako kwangu kati ya 2019 na 2022, njoo, au mtume mtu. Daftari ninalo, na mwalo utaukuta umelazwa.