Kazi ya Kumwuguza Asiyeweza Kula

Mwezi uliopita alitujia nyumbani binti mmoja tuliyemfundisha, ambaye sasa amemaliza kidato cha sita na kufaulu vema. Alitupa shikamoo, akaketi barazani, na baada ya kuulizana habari za nyumbani akanena haja yake. "Mwalimu," alisema, "nataka kusomea kazi ya kuwatibu watu waliopatwa na ugonjwa wa kukataa chakula. Baba hataki hata kusikia. Asema nchini kwetu watu hulia kwa kukosa chakula, hakuna aliaye kwa kukiona. Nimekuja unipe shauri."

Hatukumjibu upesi. Neno la baba yake si neno la mpumbavu. Sisi sote tumeona miaka ya ukame. Tumeona mama akigawanya kibaba kimoja kwa watoto sita, naye mwenyewe akilala kwa maji. Mtu aliyepita njia hiyo, akiambiwa kwamba yuko mtoto aliyewekewa sahani iliyojaa akaiogopa, atacheka au atakasirika. Lakini sisi tulinyamaza kwa sababu nyingine, nayo ni aibu. Tulijua binti huyu aliipata wapi nia hiyo, na tulijua sehemu yetu katika habari ile.

Miaka minne iliyopita, alipokuwa kidato cha pili, alilala bweni moja na msichana mwenye akili sana, mtiifu, asiyependa kukosea hata nukta katika daftari lake. Msichana huyo alianza kukonda. Tuliona kwamba kila chakula humega kidogo, hukigeuzageuza, kisha huwapa wenziwe. Alfajiri, kabla ya kengele, alikuwa akiuzunguka uwanja mbio. Alivaa sweta wakati wa jua kali. La ajabu ni kwamba alipenda kwenda jikoni kumsaidia mpishi, akiuliza jinsi kila kitu kinavyopikwa, naye haonji.

Nasi tulifanya nini? Kwanza tulidhani afunga kwa ajili ya sala, tukamsifu. Kisha tulidhani ana kiburi, adharau maharage ya shule. Tukamsimamisha mbele ya wenziwe, tukamwamuru ale hali wote wakimtazama. Alilia, hakula. Tukamwandikia mama yake barua ya ukali, kwamba amemdekeza mtoto. Huko kwao wengine walinena habari ya kurogwa. Hata siku moja akaanguka mstarini asubuhi. Tulipomfikisha zahanati tulitaka kumnywesha uji mwingi kwa nguvu, tukidhani twamwokoa. Mwuguzi akatuzuia mkono. Alimpima mapigo ya moyo, akaagiza gari la kumpeleka hospitali kubwa. Walipokuwa wakilingoja gari, aliketi karibu naye, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, sahani ikija mbele yako, waogopa nini?"

Kwa muda wa miezi mitano hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza hivyo. Rafiki yake alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Ndiye huyu aliyeketi barazani kwetu.

Tangu siku ile tumesoma kila tulichoweza kukipata juu ya maradhi haya, nasi tumeona kwamba makosa yetu ni ya zamani, na kwamba wako watu waliotoa maisha yao ili kuyasahihisha. Mwaka 1689 tabibu wa London, Richard Morton, aliandika kitabu juu ya magonjwa yakondeshayo, na ndani yake alisimulia habari za wagonjwa wawili ambao kukonda kwao hakukutoka kifuani wala katika homa. Mmoja alikuwa msichana, aliyechoka na dawa akaziacha, akafa. Wa pili mvulana wa miaka 16, mwana wa mchungaji, naye alipona. Mwaka 1873 William Gull huko London na Charles Lasègue huko Paris waliyaeleza maradhi haya, kila mmoja kwa njia yake, na Gull ndiye aliyeyapa jina la anoreksia navosa, yaani kukosa hamu ya chakula kwa ajili ya mishipa ya fahamu. Jina lenyewe lapotosha, kwani wagonjwa wengi huiona njaa, ila hofu huishinda. Tena Gull alidhani kwamba jamaa za mgonjwa ndio wauguzi wabaya kuliko wote. Na kwa muda mrefu wazazi walitengwa na kulaumiwa, kama sisi tulivyomlaumu yule mama kwa barua.

Baadaye alikuja Hilde Bruch, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1904. Alikuwa Myahudi, mwaka 1933 aliikimbia nchi yake, na mwisho akawa daktari Marekani. Kwa miaka mingi aliketi na wagonjwa hawa akiwasikiliza, na kitabu chake cha mwaka 1973 kiliwafundisha matabibu wengi kwamba mara nyingi akataaye chakula anatafuta jambo moja tu katika maisha yake awezalo kulitawala mwenyewe. Mwaka 1979 Gerald Russell wa London alieleza ugonjwa ulio ndugu wa huo, uitwao bulimia, ambao mtu hula kwa wingi faraghani, kisha hujitapisha kwa hofu ya kunenepa. Mgonjwa wa namna hii huenda asikonde hata kidogo, na kwa hiyo aweza kukaa kati yetu miaka mingi tusimtambue.

Lakini jambo lililotushangaza kupita yote latoka katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Tangu Novemba 1944 hata Desemba 1945, mtaalamu Ancel Keys alikaa na vijana wanaume 36 waliokataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri. Wengi wao walikuwa wa makanisa ya amani, kama Marafiki na Wamenonite, ambao wajulikana hata huku kwetu, Kaimosi na Mara. Walijitoa kwa hiari wapunguziwe chakula, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu walioumizwa na njaa ya vita. Katika muda wa karibu miezi sita walipoteza kama robo ya uzito wao. Nao, watu wenye afya na akili timamu, walianza kusoma vitabu vya mapishi, kuuvuta mlo mdogo kwa muda mrefu, kuona baridi wakati wa joto, kuhuzunika na kugombana. Tuliposoma hayo tulimkumbuka msichana wetu jikoni, na sweta lake. Basi mengi tuliyoyaita tabia mbaya yalikuwa kazi ya njaa yenyewe juu ya akili. Aliyefika hapo hatoki kwa kukemewa.

Wengine husema, "Haya ni maradhi ya Wazungu." Na watazame Fiji, visiwa vya mbali katika bahari ya Pasifiki, ambako tangu zamani watu waliusifu mwili mnene. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika jimbo la Nadroga. Daktari Anne Becker wa Marekani aliwauliza wasichana wa shule mwaka huo. Hakuna aliyesema kwamba hujitapisha ili akonde. Mwaka 1998 aliwauliza tena wasichana wa rika lile, na asilimia 11.3 wakakiri. Watoto wetu nao sasa hubeba picha za dunia nzima katika simu zao. Wala tusidhani kwamba ni picha peke yake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019, uliofanywa kwa wagonjwa 16,992 wa anoreksia kutoka nchi nyingi, ulionyesha mahali 8 katika urithi wa mwili panapohusiana na ugonjwa huo. Mtu hauchagui ugonjwa huu, kama vile hachagui pumu.

Tena yako matumaini, nayo yametoka kwa watu wa kazi hii. Katika hospitali ya Maudsley, London, matabibu waliligeuza neno la Gull. Badala ya kuwafukuza wazazi, waliwaita mezani, wakawafundisha kumwongoza mtoto wao mlo kwa mlo, bila matusi na bila kukata tamaa. Uchunguzi wao wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba njia hiyo yafaa hasa kwa vijana ambao ugonjwa haujadumu miaka mitatu. Kumbe yule mama tuliyemkaripia ndiye aliyekuwa dawa, kama tungalimsaidia.

Tulimweleza binti huyo hayo yote, kisha tukamwambia ukweli wa kazi yenyewe. Si kazi ya mtu mmoja. Yuko daktari wa maradhi ya akili, yuko mwuguzi, yuko mtaalamu wa lishe, yuko azungumzaye na mgonjwa na jamaa zake, na yuko mchunguzi akusanyaye habari za wagonjwa wengi ili kujua njia ipi huponya. Moyo mwema pasipo elimu ni hatari hapa. Wafungwa wengine waliokombolewa katika njaa mwishoni mwa vita ya pili ya dunia, mwaka 1945, walikufa walipolishwa sana kwa ghafla, kwa kuwa mwili uliozoea njaa haustahimili shibe ya mara moja. Ndiyo sababu yule mwuguzi alituzuia mkono. Wala mgonjwa hatakushukuru upesi. Siku nyingi atakuona wewe kuwa adui, naye ugonjwa wake kuwa rafiki. Asiyeweza kuvumilia hayo na achague kazi nyingine.

Kwa habari ya masomo tulimwambia asingoje shule yenye jina la ugonjwa huu juu ya mlango wake. Aanze kwa msingi. Chuo cha Muhimbili hufundisha udaktari, uuguzi na tiba ya maradhi ya akili. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, hufundisha lishe ya binadamu. Na Dodoma iko hospitali ya Mirembe, ambako wagonjwa wa akili wameuguzwa tangu zamani. Akiisha kuujua mwili na akili kwa jumla, ndipo aingie katika kazi hii hasa.

Jioni tulifuatana naye hata kwa baba yake. Mzee alitusikiliza, kisha akauliza, "Na wagonjwa wa namna hiyo wakiwa wachache, mwanangu atakula nini?" Ni swali la haki. Hatukumwahidi mali. Tulimjibu kwamba mwuguzi au daktari wa akili hutibu maradhi mengi, na elimu yake haikai bure. Na kwamba wagonjwa huonekana wachache mahali ambapo hakuna ajuaye kuwatambua. Tukamwambia pia alichotenda mwalimu huyu aliyeketi mbele yake, asimfiche kitu. Wahenga walinena, Mficha maradhi kifo humfichua. Nasi tuliona kwamba mficha makosa hana haki ya kutoa shauri.

Mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akamgeukia binti yake. "Yule mwenzio," akasema, "sasa anakula?"

"Anakula, Baba," alijibu. "Siku nyingine kwa shida. Nikiwa naye, huona wepesi."

Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Lakini asubuhi alituma mtoto kutuuliza fomu za maombi hupatikana wapi.

Nasi tumemwandikia mama wa yule msichana barua ya pili, ya kuomba radhi. Imechelewa miaka minne. Basi, ndugu wasomaji, hasa ninyi walimu wenzetu na ninyi wazazi, mkimwona kijana awapaye wengine sahani yake kila siku, huku akizidi kukonda na kujificha, msimsifu wala msimwaibishe. Mpelekeni mapema kwa wenye kujua, mwende pamoja naye. Na mkiwa na mtoto aliye tayari kujifunza kazi hii, msimcheke.