Ukitaka kusomea lishe, fika Kalokol

Msomaji, iwapo wewe ni mtaalamu wa lishe hospitalini, bila shaka umezoea kusema na kusikizwa. Mama huketi mbele yako na mtoto mapajani, nawe humshauri ampe samaki, maharagwe, yai na mboga. Huitikia kwa kichwa, nawe humwita mwingine. Niliishi hivyo miaka minane kabla ya kurudi chuoni kutafuta shahada ya pili. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa darasani, takwimu na mbinu za utafiti. Wa pili ulikuwa wa utafiti wenyewe, nao ulinipeleka Kalokol, Turkana. Twende pamoja.

Kutoka Kitale, basi hupitia Kapenguria, likateremka milima ya Pokot hadi Marich, kisha likashika njia ya Kainuk na Lokichar. Sweta uliyoivaa asubuhi utaivua kabla ya adhuhuri. Baada ya karibu kilomita 300 utaingia Lodwar, mji ambako wakoloni walimzuilia Mzee Jomo Kenyatta kuanzia 1959 hadi 1961. Jua la hapa halina mzaha.

Usifike mikono mitupu. Beba pendekezo lililopitishwa na chuo chako, idhini ya kamati ya maadili na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Pia piga hodi kwa wakuu wa kaunti na kwa chifu. Karatasi hizo zaweza kukumalizia miezi kadha, kwa hivyo zianze mapema, kabla ya likizo yako ya masomo kuanza kuyeyuka.

Kalokol iko yapata kilomita 60 kutoka Lodwar, karibu na ziwa. Samaki waliopasuliwa hutandazwa juani, na harufu yao hukupokea kabla ya watu kukuamkua, "Ejoka!" Hapa ndipo Norway ilipojenga kiwanda cha kugandisha samaki, kilichokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi kwa muda mfupi tu, kwani gharama ya umeme na maji safi jangwani ilikuwa kubwa mno. Mimi nami nilikuja na swali langu: mbona mtoto akonde hatua chache kutoka kwa samaki?

Kazi yenyewe ni kuuliza. Wamuuliza mama kila kitu mtoto alichokula tangu jana, kisha wampima mtoto mkono kwa utepe. Chini ya sentimita 11.5, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, ni utapiamlo mkali.

Siku ya nne utepe ulisoma 11.2. Mtafiti ndani yangu alitaka kuandika na kwenda nyumba ya pili. Mhudumu alitaka kutupa kalamu. Bahati nzuri pendekezo langu lilikuwa limeeleza la kufanya: nilimwandikia mama barua ya kwenda zahanati.

Jioni nilirudi, nikamkuta papo hapo, barua imekunjwa vizuri kando ya kikapu. Huko hospitalini ningeandika kwenye faili kwamba amekaidi ushauri. Safari hii nikamuuliza, kupitia kwa msaidizi wangu, ni kipi kilichomzuia. Akaeleza kwamba wanunuzi walikuwa wamekuja siku hiyo, na asipouza samaki hapati unga, na wale watoto wengine watatu watalala njaa. Samaki wale hawakuwa kitoweo. Walikuwa ndio unga wenyewe. Jirani yake akajitolea kumuuzia kesho yake, naye alfajiri akaondoka na mtoto mgongoni.

Swali hilo halikuwamo katika hojaji yangu. Nilimwandikia msimamizi, tukafuata utaratibu wa kamati kuliongeza, na hatimaye ndilo lililobeba sura nzima ya tasnifu.

Basi wewe unayewazia safari hii, chagua swali linalokusumbua wodini, wala si lile rahisi kumaliza. Tenga pesa za mkalimani kabla ya pesa za kuchapisha. Andika mapema utakalofanya ukikuta mtoto mgonjwa. Na ukirudi kazini na shahada yako, kabla hujamwandikia mama samaki na yai, muulize kwanza anauza nini ili ale nini. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.