Hesabu ya Mapigo

Wengi wetu tuliowahi kufundisha elimu ya viungo tunaijua kanuni hii: chukua 220, toa umri wa mtu, utapata idadi ya juu ya mapigo ambayo moyo wake unaweza kupiga kwa dakika moja. Mtoto wa miaka 14 ana 206. Mzee wa miaka 74, kama mimi, ana 146. Ni makadirio tu, wala hayamwenei kila mtu sawasawa, lakini yana sifa ambayo mwalimu huithamini, nayo ni kwamba yanafundishika. Shuleni, baada ya mchakamchaka, niliwapanga wanafunzi mistarini, kila mmoja akashika kifundo cha mkono wake, tukahesabu kwa sekunde 15 kisha tukazidisha kwa nne. Aliyekuwa na mapigo machache kuliko wenzake tulimtazama kwa jicho la pembeni, kwani ilidhaniwa kwamba ametegea.

Kwa wazee wengi ninaokutana nao njiani alfajiri hapa Morogoro, tukipanda polepole upande wa milima ya Uluguru, hesabu hiyo haifai tena. Mtu anatokwa jasho, magoti yanalalamika, pumzi inakwenda mbio, nao moyo unapiga 90 tu. Hajategea hata kidogo. Kilichobadilika ni kidonge alichomeza asubuhi pamoja na chai.

Hebu tuanze na moyo wenyewe. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake husukuma takriban lita tano za damu kwa dakika. Kijana mwenye afya akikimbia kwa nguvu zake zote, kiasi hicho hupanda hadi lita 20 au zaidi. Ongezeko hilo hupatikana kwa njia mbili: moyo hupiga haraka zaidi, na kila pigo husukuma damu nyingi zaidi. Amri ya kufanya hivyo huletwa na mishipa ya fahamu na homoni, hasa adrenalini na ndugu yake noradrenalini. Juu ya seli za moyo kuna vipokezi viitwavyo vipokezi vya beta. Vifikirie kuwa ni vitasa, na adrenalini ni ufunguo. Ufunguo ukiingia na kuzunguka, moyo hukaza mwendo.

Sasa zipo dawa ziitwazo vizuizi vya beta: propranololi, atenololi, metoprololi, bisoprololi, karvediloli. Hizi ni funguo za bandia. Zinaingia kwenye tundu la kitasa lakini hazizunguki, na kwa kuwa zimekaa humo, ufunguo wa kweli unakuta mlango umezibwa. Mapigo hushuka wakati wa kupumzika, na wakati wa mazoezi hukataa kupanda yalivyokuwa yakipanda zamani. Mimi nikiwa nimeketi barazani napata 56. Nikifika juu ya mteremko mkali, mahali ambapo zamani ningepata 130, napata 94.

Mtaalamu aliyezifikisha dawa hizi kwa wagonjwa ni James Black, mzaliwa wa Uskoti, ambaye mwaka 1988 alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba. Zamani madaktari walihangaika namna ya kuupelekea moyo mgonjwa damu zaidi. Black aliligeuza swali. Kama mishipa ya moyo imekuwa myembamba na haiwezi kuleta zaidi, kwa nini tusiupunguzie moyo mahitaji yake? Moyo unaopiga pole hutumia oksijeni kidogo, tena hupata nafasi ndefu zaidi ya kulishwa, kwa sababu mishipa yake hujaa damu hasa katika kile kituo kifupi kati ya pigo na pigo. Ndiyo maana mgonjwa aliyekuwa akibanwa kifua baada ya hatua 100 huweza kwenda mbali zaidi kabla ya maumivu kuja.

Utulivu huo umewahi kutafutwa hata na watu wasio wagonjwa. Katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, mlenga shabaha wa Korea Kaskazini, Kim Jong-su, alinyang'anywa medali mbili, ya fedha na ya shaba, baada ya kukutwa na propranololi mwilini. Kwa mkimbiaji dawa hiyo ni mzigo, lakini kwa mtu anayetaka mkono usitetemeke ni msaada.

Mzigo huo ndio ulioleta matatizo kwa rafiki yangu mmoja, mkaguzi wa shule mstaafu. Tangu tukiwa kazini yeye huniita Mwalimu Mkuu nami humwita Mkaguzi, na mpaka leo hatujaacha. Alipoanzishiwa atenololi kwa sababu ya maumivu ya kifua, alianza kulalamika kwamba miguu imekuwa mizito kama ya mtu anayetembea matopeni, na vidole vya mikono ni vya baridi hata saa nne asubuhi. Malalamiko hayo ni ya kweli. Dawa hizi huchosha baadhi ya watu, hasa wiki za mwanzo. Juu ya hayo mjukuu wake alimletea saa ya kisasa inayohesabu mapigo. Kila akitembea, saa ile humwambia kwamba hajafikia kiwango cha mazoezi kinachostahili umri wake.

"Mwalimu Mkuu," aliniambia, "hawa wamenifunga breki. Mimi si gari bovu."

Akaacha vidonge bila kumwambia mtu. Siku mbili za kwanza alijisikia kijana. Siku ya nne, tukiwa hatujafika hata nusu ya mlima, alisimama, akaweka ngumi katikati ya kifua, uso ukabadilika rangi. Tulimpata kijana wa bodaboda akamshusha hadi barabarani, na kutoka pale tukapanda gari. Alilazwa siku sita. Alipona, namshukuru Mungu, lakini mkewe alikonda wiki ile kuliko yeye.

Daktari aliyemhudumia, binti ambaye umri wake haufiki nusu ya wetu, alitueleza kwa upole sana. "Shikamooni wazee wangu," alianza, kisha akatupa somo. Vitasa vinapozibwa kwa muda mrefu, mwili huongeza vitasa vingine. Ukiondoa dawa ghafla, adrenalini inakuta milango mingi kuliko ile ya zamani, yote iko wazi, na moyo huenda mbio kupita kiasi. Kwa mtu mwenye mishipa myembamba, hapo ndipo maumivu makali huja, na hata shambulio la moyo. Dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, daktari akiwa anajua. Miguu mizito nayo ina tiba: pengine kipimo kipunguzwe, pengine dawa ibadilishwe. Mgonjwa anatakiwa aseme.

Nilimuuliza basi tupime vipi juhudi, ikiwa saa haina maana. Akajibu, "Babu, uliza pumzi." Ukiweza kuzungumza sentensi nzima huku unatembea, uko salama. Ukiweza kuimba, unajidekeza. Ukikatika katikati ya neno, punguza mwendo.

Baadaye nilikuta kwamba jambo hili limefanyiwa kazi na mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg, aliyetunga kipimo cha kujikadiria juhudi kinachoanzia 6 na kuishia 20. Namba hizo za ajabu zina sababu yake: kwa kijana mwenye afya, ukizidisha kwa kumi unakaribia mapigo yake, 60 akiwa amepumzika na 200 akiwa amefika mwisho wa nguvu. Kwetu sisi wa vidonge kule kuzidisha kumevunjika, lakini alama yenyewe bado inasema kweli. Mzee kama mimi huambiwa akae kwenye 11 hadi 13 hivi, juhudi nyepesi hadi yenye ugumu kiasi. Nilisahihisha mitihani kwa miaka mingi, na ninakiri nafurahia kujipa alama mwenyewe.

Faida ya mazoezi haipotei kwa sababu mapigo hayapandi. Misuli inajifunza kutumia oksijeni vizuri zaidi, na presha hushuka vilevile. Jambo hili Mkaguzi hakuliamini mpaka alipoambiwa mara ya tatu.

Dawa nyingine za moyo zina tabia zake njiani. Amlodipini na zile za jamii ya kaptopri hulegeza mishipa ya damu; ukisimama ghafla baada ya mwendo mkali, damu hubaki miguuni na kichwa kinakosa, unaona giza. Kwa hiyo dakika kumi za mwisho ni za kutembea polepole, si za kuketi kwenye jiwe. (Kaptopri, kwa taarifa yako msomaji, ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili.) Vidonge vya kukojosha, kama furosemidi, huondoa maji na potasiamu, na jua la Morogoro huondoa mengine, ndiko yatokako makakamavu ya misuli usiku, na wakati mwingine mapigo kwenda ovyo. Lakini usikimbilie kula ndizi kumi: dawa za jamii ya kaptopri huhifadhi potasiamu mwilini, na ikizidi nayo ni hatari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aogope zaidi kuanguka kuliko kuchoka. Mwenye kisukari aliye kwenye vizuizi vya beta ajue kwamba sukari ikishuka njiani huenda asisikie moyo ukidunda wala mikono ikitetemeka. Jasho ndilo hubaki kumwonya.

Halafu kuna nitroglisirini, dawa ya kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana. Ndiyo hiyohiyo iliyomtajirisha Alfred Nobel kwa baruti, na mwishoni mwa maisha yake madaktari wakamwandikia yeye mwenyewe kwa ajili ya moyo. Hufungua mishipa haraka na presha hushuka, kwa hiyo mtu akae chini kabla ya kuitumia. Na hapa niseme wazi jambo ambalo wazee hunong'onezana tu kwenye kijiwe: dawa za kuongeza nguvu za kiume za jamii ya sildenafili hazichanganywi kabisa na hii. Presha huweza kuanguka mpaka mtu akafa.

Vidonge vyake huharibika vikiguswa na hewa, mwanga au joto, kwa hiyo hukaa kwenye chupa yake ya kioo cheusi, kifuniko kimekazwa. Mkaguzi huibeba kwenye mfuko wa shati. Juzi, kabla hatujaanza kupanda, nilimwomba nisome maandishi yake. Tarehe ilikuwa imepita kwa miezi miwili. Tuligeuka tukashuka mjini, tukaketi nje ya duka la dawa mpaka lilipofunguliwa.