Kanuni Inayogeuka Njiani

Kuanzia Oktoba, korosho zinapodondoka, nyaya za umeme kando ya barabara ya Nachingwea kwenda Ruangwa hujaa mbayuwayu. Wapita njia wengi hawana habari nao. Mawazo yako maghalani na kwenye bei ya mnada. Mimi husimama. Ukiwaangalia kwa karibu utaona mgongo wa buluu iliyoiva, koo la rangi ya kutu na mkia uliopasuka katikati. Wapo wenye mikia mifupi na koo lililofifia. Hao wameanguliwa mwaka huuhuu, Ulaya, na hii ndiyo safari yao ya kwanza. Ndege wa gramu 20 hivi! Baadhi watakaa huku Kusini mpaka mvua ziishe, wengine wataendelea hadi Afrika Kusini.

Ndege wahamao huongozwa na jua, na wanaosafiri usiku huongozwa na nyota. Juu ya hayo ipo sumaku ya dunia. Miaka ya 1960, mjini Frankfurt, mtafiti Wolfgang Wiltschko aliwaweka ndege vizimbani na kuugeuza uga wa sumaku uliowazunguka. Nao wakageuza upande waliotaka kurukia. Mwaka 1972 yeye na mkewe Roswitha wakaonyesha jambo ambalo mimi sijaacha kulifikiria: dira ya ndege haitofautishi kaskazini na kusini, inasoma mwinamo tu. Huko Ulaya mistari ya sumaku huzama ardhini upande wa kaskazini na kuinuka upande wa kusini. Anayeikimbia baridi hufuata kule inakoinuka.

Kanuni hiyo ina mwisho wake. Kadiri ndege anavyoshuka kusini, mistari inazidi kulala, hadi anafika mahali imelala kabisa, haizami wala haiinuki. Kwa upande wetu wa Afrika, mahali hapo si kwenye ikweta ya ramani; ni nchini Ethiopia, kaskazini ya Kenya. Akishavuka, mambo yamepinduka. Hapa Nachingwea mistari huzama upande wa kusini na kuinuka upande wa kaskazini. Akiing'ang'ania kanuni iliyomtoa kwao salama, itamrudisha alikotoka.

Mwaka 1992 akina Wiltschko walilijaribu hilo kwa ndege mdogo mwimbaji ambaye huja Afrika akisafiri usiku. Waliokaa kwa muda kwenye uga uliolazwa, waliporudishiwa mwinamo wa Ulaya, walielekea kule mistari inakozama. Wenzao ambao hawakupitishwa hapo waliendelea na kanuni ya zamani. Kumbe pale alama inaponyamaza ndipo ndege anapojiandaa kuisoma upya, na safari yake ni ileile.

Binadamu hushindwa jambo hili akiwa na mitambo na fedha. Nachingwea tunalijua vizuri. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Hesabu zilipigwa London, matrekta yakaja, msitu ukafyekwa. Udongo na mvua vilikuwa na taarifa nyingine, lakini mipango iliendelea kusomwa kama ilivyoandikwa, mpaka mradi ukaachwa mwaka 1951 na zaidi ya pauni milioni 35 zikiwa zimepotea. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa miaka ya 1960.

Aliyevuka vizuri, kwa macho yangu, ni mjomba wangu. Sisi Wamwera ukoo hufuata upande wa mama, hivyo shamba nimefundishwa na yeye. Upendo wake ulikuwa amri. "Mpwa, amka, umande utakauka!" Salfa hupulizwa alfajiri, upepo haujaanza, unga ukashika kwenye maua yenye unyevu. Yeye ndiye aliyesema mkorosho upi umeingiwa na ugonjwa wa ubwiri unga na upi ungoje. Kisha ukapita msimu mzima akiwa kimya, hasemi ndiyo wala hapana, nami nikadhani ana jambo moyoni. Msimu uliofuata alikaa chini ya mkorosho akaniuliza, "Mpwa wangu, wewe unaonaje? Tupulizie leo au tungoje?" Nikavuta tawi, nikaona vumbi jeupe limeanza kwenye vishada vya juu. Nikasema tupulizie. Akasimama. "Haya, twende."

Lengo lake lilikuwa lilelile tangu nikiwa mtoto: niwe mtu wa kusimama mwenyewe shambani. Amri ilinifikisha nusu ya njia. Angeendelea kuamuru, angenirudisha utotoni.

Sasa mimi ndiye mjomba. Kijana wa dada yangu anamaliza shule Ruangwa na likizo zote huwa shambani kwangu, na bado namwamsha kwa sauti kubwa. Juni akija, mikorosho ya kuanza nayo ataichagua yeye.